Ya Kale ni Dhahabu: Wito kwa Wanunuzi wa Mitumba wa Nairobi



Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajawahi kuvaa mtumba. Karani wa ofisini, mwalimu, kondakta wa matatu, mwanafunzi wa chuo kikuu: shati lake lisipotoka soko la Gikomba limetoka Toi, na lisipotoka Toi limetoka Muthurwa. Hakuna aibu katika hilo. Nguo inayopata mvaaji wa pili haidai pamba mpya wala maji mapya, na fulana moja tu ya pamba hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Tena mtumba ni riziki ya wengi: mwenye stoo, msukuma mkokoteni, mpiga pasi, fundi wa cherehani, mama mwenye kibanda. Siandiki basi kuwaomba muache mitumba. Nawaomba tuinunue kwa macho mengine, kwa sababu soko letu linaharibika huku tukilitazama.

Kilichoharibika kimo ndani ya robota, furushi la mitumba. Mchuuzi hulinunua robota la kilo 45 likiwa limefungwa, asijue bahati yake mpaka alikate kamba. Nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera. Zinazobaki mwisho, zilizochakaa na kuchanika, huitwa fagia. Malalamiko ya wachuuzi siku hizi ni kwamba kamera zinapungua na fagia inazidi. Sababu yake inajulikana. Kampuni za mitindo ya haraka zinashonesha nguo nyepesi za poliesta, za kuvaliwa mara chache na kutupwa. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakishazichoka, zinafungwa marobota na kupakiwa kwenye meli. Tangu 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine. Shehena zikiongezeka huko bila viwanda vya kutosha vya kuzichakata, nyingi zitatafuta pa kwenda, na bandari ya Mombasa iko wazi.

Zile zisizouzika huishia wapi? Tembea nyuma ya Gikomba, ukingoni mwa Mto Nairobi, utazame unachokikanyaga: matambara juu ya matambara, yamegandamana na udongo hadi yamekuwa sehemu ya ukingo wenyewe. Mengine hupelekwa Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Poliesta hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama pamba, na ikichomwa hutoa moshi wa sumu unaovutwa na watoto wa mitaa ya jirani. Mto nao haubaki Nairobi. Unaingia Mto Athi, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Blauzi tunayoitupa sisi inamhusu mvuvi wa Mambrui huko pwani.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi hana nguvu yoyote hapa. Si kweli. Marobota hufungwa kwa aina: ya jinzi, ya mashati ya kiume, ya magauni, ya nguo za watoto. Mchuuzi huagiza kile kinachotoka mbio kibandani mwake. Tukikataa kwa pamoja nguo za kuvaa wiki mbili, ataacha kuagiza marobota ya nguo hizo, na anayeyaingiza nchini atalazimika kutafuta bora zaidi. Mtu mmoja akikataa, mchuuzi hatatambua. Mtaa mzima ukikataa, ataona mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, kwanza, tujifunze kuijua nguo ya kudumu. Igeuze nje ndani kabla ya kuuliza bei. Soma lebo: pamba, kitani, sufu na hariri zina maisha marefu na hutengenezeka. Tazama mishono kama imebana na imenyooka, kama koti lina bitana, kama zipu ni ya chuma, kama upindo una kitambaa cha ziada cha kushushia. Nguo nyingi za miongo iliyopita zilishonwa hivyo. Fulana nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 utazitambua kwa mshono mmoja tu kwenye upindo wa mikono, na vijana wetu wanaozijua wanaziuza mitandaoni kwa bei nzuri. Hizo ndizo nguo za kale zinazostahili kupiganiwa rundoni.

Pili, tumpe fundi kazi. Suruali iliyopwaya si mbovu, inahitaji kupunguzwa. Koti lililopoteza kifungo lina miaka mingi mbele yake. Mafundi wako ndani ya masoko yenyewe. Unaweza kununua, kupimwa na kushonewa kabla ya kupanda matatu. Tuwalipe haki yao bila kubishania kila shilingi, maana ujuzi wao ndio unaozuia nguo isiwe taka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunaujenga ukuta huo kila tunapotupa gauni kwa sababu ya mshono uliofumuka.

Tatu, tuache kununua kwa sababu tu ni rahisi. Najua wako wanaohesabu kila sarafu, na sithubutu kumlaumu mzazi anayetafutia watoto sare. Lakini mzazi huyo ndiye anayeumizwa zaidi na sweta linalotoboka kabla ya muhula kwisha. Sisi wenye uwezo wa kuchagua ndio tunaopaswa kuanza.

Nne, tusimamie mwisho wa nguo zetu. Iliyo nzima ipewe mwingine. Makanisa, misikiti, vyama na majirani wa mtaa mmoja wanaweza kupanga siku ya kubadilishana nguo. Gharama yake ni meza na asubuhi moja. Ya pamba iliyochakaa iwe tambara la kudekia. Isiyofaa kabisa itenganishwe na taka nyingine, na isitupwe mtaroni. Mitaro iliyoziba huongeza mafuriko, na ya Aprili na Mei 2024 hatujayasahau.

Tano, tudai haki yetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na inamtwika anayeingiza bidhaa nchini wajibu wa kile zinachokuja kuwa baadaye. Tuwaulize wawakilishi wetu wa wadi: kituo cha kukusanyia masalio ya nguo Gikomba na Toi kiko wapi? Waagizaji wakubwa wanachangia nini? Mchuuzi mdogo asibebeshwe mzigo wa robota bovu ambalo hakulifunga yeye, wala vibanda visibomolewe kwa kisingizio cha usafi. Tunadai soko safi ambalo wachuuzi wake wamo ndani.

Wakenya tunaweza. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Wengi walidai kwamba hatungeweza kuishi bila hiyo, lakini tulibeba vyondo na vikapu, na tabia ya nchi nzima ikabadilika. Sheria ilisaidia, ila mikono iliyobeba vikapu ilikuwa yetu.

Jumamosi hii ukienda sokoni, nenda na jirani au rafiki. Geuzeni kila nguo nje ndani, msome lebo, mvute mshono. Isiyofaa irudisheni rundoni, na mwambieni mchuuzi kwa heshima kwa nini mmeiacha. Iliyo imara inunueni, ipitisheni kwa fundi, muivae miaka. Tuanze sasa, kabla shehena inayofuata haijashushwa Mombasa.