Kabla ya Kuomba Redio Mpya, Chomoa Chaja

Wanachuo wenzangu, mwezi uliopita klabu yetu ya redio ya ridhaa ilipitisha barua ya kuiomba serikali ya wanafunzi fedha za redio mpya. Barua hiyo niliiandika mimi, katibu. Bahati nzuri haikufika, maana ugonjwa tuliotaka kuutibu kwa hela zenu ulianzia kwenye chaja ya laptopu.

Kwa ambao hamjafika chumbani kwetu: siku hizi si lazima upige kelele kwenye maiki. Tunatumia FT8, mtindo uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia ya 1993, akiwa na Steve Franke. Kompyuta inatengeneza milio, waya wa sauti unaipeleka kwenye redio, na redio inairusha kwa zamu za sekunde 15. Kwa wati chache tu, hali ya hewa ya juu ikikubali, unasikika bara jingine.

Kasheshe ni huo waya wa sauti. Chochote kinachopita humo kinaenda hewani, na redio yetu inaanza kurusha yenyewe ikisikia sauti. Siku moja ulienda hata mlio wa WhatsApp. Tukacheka. Tuliacha kucheka pale mtu wa ng'ambo alipotutumia picha ya kioo cha kompyuta yake: mawimbi yetu yalionekana sehemu tatu badala ya moja, na vimistari vichafu pembeni. Yaani tulikuwa tunawachafulia wenzetu masafa, tena kwa leseni ya mwalimu mlezi wetu. Likiharibika jambo, anayeitwa kujieleza ni yeye, si sisi.

Kikaoni kila mtu akawa fundi. "Redio imechoka." "Umeme wa hapa mbovu." Mmoja akashauri eti tukate mguu wa ethi kwenye plagi ya chaja. Jamani, ule mguu upo ili usife kwa shoti! Lakini hakuna aliyesema tuchomoe kitu kimoja kimoja tuone. Hata mimi.

Aliyetufumbua macho ni dogo wa mwaka wa kwanza aliyekuja kuchaji simu. Akaniuliza, "Kaka, hiyo laptopu ikitumia betri, mvumo unabaki?" Tukachomoa chaja. Mistari iliyokuwa imesimama kwenye hezi 50, 100 na 150 ikapotea palepale. Tukaichomeka, ikarudi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo jibu lilikuwa mbele ya macho: ethi ya chaja na ethi ya redio zilikutana kupitia waya wa sauti, zikafanya mzunguko, na mvumo wa umeme ukapata njia.

Dawa tuliipata stoo. Modemu za zamani za simu zina transfoma ndogo ya sauti, ambayo inapitisha sauti bila nyaya za pande mbili kugusana. Tukang'oa mbili, moja ya kupokea na moja ya kurusha, tukalehemu. Yale mawimbi ya ziada nayo yalikuwa kosa letu: tulifungulia sauti ya kompyuta mpaka mwisho. Tukaipunguza hadi sindano ya ALC kwenye redio ikatulia. Milio ya WhatsApp tukaielekeza kwenye spika za laptopu. Kazi ya jioni moja.

Sasa hoja yangu. Wengi wetu kikaoni tulikuwa wa uhandisi, mwaka wa tatu. Mitihani ya sakiti tumefaulu. Mbona hatukuchomoa chaja? Tusidanganyane: kwenye maabara tunakuta vifaa vimeshapangwa, tunafuata karatasi, na namba zikigoma tunanakili za kundi la jirani. Tumezoea kutafuta jibu. Kutafuta kosa hatujafundishwa.

Napendekeza kila muhula kuwe na zoezi moja la vitendo lenye kifaa kibovu makusudi. Maksi zitolewe kwa maelezo ya ulichojaribu, kwa mpangilio gani, na ulichokiona, hata kama kifaa hakikupona. Walimu watasema wanafunzi ni wengi na vifaa hakuna. Vifaa vizima ndivyo hakuna. Vibovu vimejaa stoo.

Na serikali ya wanafunzi nayo, ikipokea ombi la kifaa kipya, iulize kwanza: mmechomoa nini, mkaona nini? Ianze na sisi.

Barua yetu nimeichana. Yule dogo sasa ndiye mtunza vifaa wa klabu, na simu yake anachaji bure.