Heshima ya Mwanamke Ianzie Kwenye Kibanja

Jumapili, makanisani mwetu Karagwe na Kyerwa, mwanamke husifiwa kuwa nguzo ya nyumba. Mumewe akishazikwa, mara nyingi ukoo huketi kugawa kibanja alichokipalilia miaka yote, naye huachiwa kula ndizi tu. Sifa zile zilikuwa za nini?

Sheria iko wazi. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani kwetu Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Maandiko je? Katika Hesabu 27, mabinti wa Selofehadi walidai urithi mbele ya Musa, na Mungu akawapa haki. Najua utetezi: hawakuwa na kaka. Sawa; ni mabinti wangapi kwetu wasio na kaka ambao baba zao wadogo wamewaachia shamba?

Mzee wa kanisa wa asubuhi ndiye mzee wa ukoo wa jioni. Wachungaji na mapadri wamuulize, kabla ya matanga kuanuliwa: mjane amebaki na nini?