Hodi Kwanza, Picha Baadaye: Adabu za Mgeni Mtaani Gion

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mtaa wa kale wa Gion, mjini Kyoto, nchini Japani, kauli hiyo imetiwa mizanini. Humo, katika nyumba kongwe za mbao, geiko, ambao ni wasanii wa ngoma na muziki, pamoja na wanagenzi wao waitwao maiko, huwatumbuiza walioalikwa. Baadhi ya watalii huwavizia njiani, huwazingira na hata kuwavuta kimono ili wapate picha. Mnamo mwaka 2019, wakazi waliweka mabango ya kukataza upigaji picha katika njia za binafsi, faini ikiwa yeni 10,000. Mabango hayakufua dafu. Mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vilifungwa kwa watalii.

Wapo wanaodai kuwa aliyelipa nauli na malazi ana haki ya kuona atakacho. Hoja hii haina mashiko. Nauli hununua safari. Hainunui uso wa binti anayekwenda kazini. Aidha, kichochoro cha binafsi ni ua wa mtu, hata kama hakina lango.

La kusikitisha ni kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza: kwa sababu ya wachache wasiojua hodi, hata mgeni mstaarabu amefungiwa nje. Hata hivyo, wenyeji hawapaswi kulaumiwa. Barabara ya Hanamikoji ingali wazi, na anayeipita kwa staha hukaribishwa. Utamaduni una wenyewe, na wenyewe wana haki ya kukataa.