"Zimebaki 2 Tu": Tujifunze kwa Bendi Zinazouza Santuri

Wauzaji wenzangu, leo nina neno na ile sentensi yetu pendwa: "Zimebaki mbili tu, wahi!" Kwa maoni yangu tumeichosha mpaka haina nguvu tena. Kuna ukurasa mmoja wa viatu naufuatilia, tangu Ramadhani zimebaki mbili. Mpaka leo bado mbili. Sasa hizo mbili zinazaa au?

Watu ambao sentensi hiyo bado inawalipa ni bendi ndogo za roki zinazojisimamia zenyewe, zile za magitaa makali zilizoanzia mazoezi kwenye gereji ya nyumbani. Huko Ulaya na Marekani, bendi kama hizi zikipata wimbo mpya bado zinatoa santuri ndogo: wimbo mmoja upande huu, mwingine upande wa pili. Ndiyo, santuri, zile sahani nyeusi za enzi za babu. Wimbo wenyewe unausikiliza bure mtandaoni, lakini watu wanalipia sahani. Na soko lipo: mwaka 2022 huko Marekani santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu 1987.

Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Hapa hapa mkoani kwetu, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga zilitoa nyimbo zao kwenye santuri ndogo kama hizo miaka ya 1960 na 1970. Nchini hatukuwa na kiwanda, zilichapwa Nairobi. Leo nakala safi za wakati ule zinatafutwa na wakusanyaji mpaka wa Ulaya, maana zilizochapwa ndizo hizo hizo, haziongezeki.

Sasa angalia biashara yenyewe. Kiwandani kuna mhuri wa chuma unaochapa mifereji ya sauti. Uchape santuri 100 au 500, gharama ya kuutengeneza ni ile ile. Ukichapa chache, kila moja inakuwa ghali. Ukichapa nyingi, hela yako inalala chini ya kitanda. Ni kama sisi na mzigo wa Kariakoo: ukichukua dazeni moja bei inauma, ukichukua robota unaweza kukaa nalo mpaka mwakani.

Kwa hiyo bendi inapiga hesabu ya mashabiki wake, inachapa tuseme 300, na inaitangaza hiyo namba wazi. Wengine wanaandika kwa mkono kwenye kila jalada: 1 kati ya 300, 2 kati ya 300. Zikiisha wanasema zimeisha. Zikitakiwa tena, wengi wanachapa awamu ya pili kwa rangi nyingine, ili aliyenunua mwanzo asione amechezewa. Mteja anawahi kwa sababu anajua namba ni ya kweli.

Mimi nauza madera na vijora. Duka liko Korogwe, ila wateja wangu wengi wa mtandaoni wako Handeni. Fikiria dada wa Handeni: anatuma hela kwa simu kabla hajagusa kitambaa, analipia na nauli ya mzigo kwenye gari, halafu anasubiri. Ameniamini kwa rangi, kwa saizi, kwa ubora. Akinikamata nadanganya idadi tu, kwa nini aniamini kwenye hayo mengine? Njia ya mwongo ni fupi, na huku kwetu ni fupi zaidi, maana wateja wanajuana. Kikoba kimoja kikikuongelea vibaya, umepoteza mtaa mzima.

Najua kuna atakayesema: "Nikiandika zimebaki 20, mteja atajivuta." Sawa, wapo watakaojivuta. Lakini mwache aone 20 asubuhi, 14 jioni, 6 kesho yake. Hapo unamwonyesha kwamba mzigo unatembea, na hakuna tangazo linaloshinda hilo. Na siku ukiandika 2, hatakuuliza mara mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu:

1. Mzigo ukifika, tangaza idadi kamili. "Yamekuja madera 24, rangi nne, sita sita." Kila likiuzwa, badilisha namba kwenye stetasi.

2. Zikiisha, andika ZIMEISHA na uache tangazo lionekane. Mteja mpya akiona vitu vinaisha kweli, mzigo ujao atawahi.

3. Ukileta tena, sema ni awamu ya pili. Kama uliahidi hazitarudi, basi zisirudi, leta rangi nyingine au mtindo mwingine.

4. Ukichukua oda za awali, taja tarehe ya mzigo kufika. Mzigo ukichelewa, wewe ndiye uwe wa kwanza kusema, usingoje mteja akutafute. Hela yake uliyoshika bado si faida yako.

Sisi wenye mitaji midogo hatuwezi kushindana na maduka makubwa kwa bei wala kwa wingi wa mzigo. Tunachoweza ni mteja akisoma tulichoandika, atume hela bila wasiwasi. Tukikichezea hicho, sijui tutabaki na nini cha kuuza.

Wewe unaandikaje ukibakiwa na vitu vichache? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.