RAM imepanda bei: wewe wa Chaani ufanye nini?

Juzi nilishuka tao na pesa ya RAM ya GB 8 mfukoni, kiasi kile kile kilichonitosha mwanzoni mwa 2025. Nilirudi Chaani mikono mitupu. Bei ilikuwa karibu maradufu. Mwenye duka hakuniringia, alinionyesha tu ujumbe wa bei aliotumiwa kutoka Nairobi akasema, "Kijana wangu, hata mimi nalia."

Kama unapanga kununua kompyuta ya nyumbani mwaka huu, au kuifufua ile iliyolala juu ya kabati, jua kwanza kinachoendelea. Asiyejua ndiye anayepigwa.

RAM nyingi duniani hutoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Sasa hivi vituo vikubwa vya data vinavyoendesha akili unde vinanunua kumbukumbu kwa wingi na vinalipa vizuri. Viwanda ni vile vile, kwa hivyo sisi tunagawana makombo. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la kuuzia RAM na SSD watu wa kawaida. Ndiyo ile fundi alikuwa akikuambia, "Weka Crucial, haina noma."

Na kuna kichekesho hapa. Chaani tunalala na milio ya malori ya makontena, bandari iko hapo chini tu. Lakini mzigo mwingi unatupita kwenda Nairobi, halafu karatasi ya RAM unayoitaka inarudi Mombasa kwa basi kama kifurushi. Nauli yake unailipa wewe.

Jambo la pili ni Windows 10. Msaada wake wa bure wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Ofisi za ng'ambo zinazitoa mashine zisizofaulu mtihani huo, na sisi tunazijua kwa jina moja: ex-UK. Ukiona laptopu safi kwa bei ya kutupa, soma nambari ya prosesa kabla hujafurahi. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Muuzaji atakuapia kwamba Windows 11 iko ndani tayari. Huenda iko kweli, ila imeingizwa kwa mlango wa nyuma, na Microsoft haikuhakikishii kuipa masasisho.

Sisemi kizazi cha 6 ni takataka. Kama kazi yako ni kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni, weka Linux Mint, ambayo ni ya bure, uendelee na maisha. Nisichotaka ni wewe ulipe bei ya kizazi cha 8 ukabidhiwe cha 6.

Kama mashine unayo tayari, ningekushauri uanze na SSD. SSD nayo imepanda, lakini kompyuta inayotumia diski ya kuzunguka itabadilika zaidi kwa SSD ndogo kuliko kwa kuongezewa RAM. Ukiamua RAM lazima, ifungue kwanza uone inachukua DDR3 au DDR4, maana haziingiliani, na laptopu nyingine RAM yake imegandishwa kwenye bodi kabisa. Tena sisi tuko pwani: angalia skrubu na matundu ya chaja. Ukiona kutu au ukijani, hiyo imekula chumvi. Iache hapo hapo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikaanza kuandika mahojiano ya sauti kwa wateja wa mtandaoni. Nikanunua flashi iliyoandikwa TB 1 kwa Sh1,200, nikajiona mjanja. Ndani ilikuwa na GB 32. Ikijaa, inaandika juu ya faili za zamani kimya kimya. Kazi ya wiki mbili ikapotea, mteja akapotea nayo. Siku hizi kila flashi naipima kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza diski yote kisha kusoma upya kilichoandikwa. Inachukua saa kadhaa. Vumilia.

Niliporudi dukani nilioneshwa maandishi ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikaondoka na aibu zangu. Baadaye ndiyo nikajua Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji akupe bidhaa yenye ubora unaofaa, na maneno ya risiti hayaifuti. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Lakini uende na risiti. Mimi yangu niliitupa kwa hasira kabla sijafika Changamwe.

Ile pesa ya RAM nimeinunulia SSD ya GB 256. Mashine inawaka kabla chai haijapoa. RAM bado ni GB 4, kwa hivyo nafungua kurasa tano tu kwa mpigo, ya sita nasubiri.