DHAMANA: NANI HAKIMU HAPA?

Kijana msomaji, tuseme umegombana na mtu stendi usiku. Simu yake imepotea, naye anadai ulikuwa na kisu. Ikiandikwa "wizi", hakimu anaweza kukupa dhamana ukarudi kwenye biashara yako. Ikiandikwa "unyang'anyi wa kutumia silaha", hakimu hana la kufanya. Karandinga litakupeleka Keko au Segerea, na kila ukirudishwa kizimbani utasikia wimbo ule ule: upelelezi haujakamilika.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana namna hiyo, kinavunja Katiba. Serikali ikakimbilia rufani. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo: dhamana si haki isiyo na mipaka, usalama wa umma nao utazamwe.

Sawa, utazamwe. Lakini na nani? Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama hiyo hiyo chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha kipande cha kifungu hicho hicho, kwa sababu kiliwazoa watu wote kwa fagio moja, wa hatari na wasio wa hatari. Mwaka 2018 ikakitupa na kifungu cha 148(4), kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzima dhamana kwa cheti chake tu. Miaka miwili baadaye, jina la kosa kwenye hati ya mashtaka likaachiwa kazi ile ile ya cheti. Na hati hiyo haiandikwi na hakimu!

Freeman Mbowe alikaa mahabusu kwa tuhuma za ugaidi tangu Julai 2021 hadi Machi 2022, mashtaka yakafutwa. Miezi ile hakuna aliyemrudishia. Na yule dunia nzima ilimpigia kelele. Wewe wa Manzese atakupigia nani?

Hatusemi majambazi waachiwe. Hakimu akiona mtu atatoroka au atatisha mashahidi, amnyime, na sababu azitaje mbele ya watu. Kifungu hicho Bunge linaweza kukirekebisha bila kungoja jaji yeyote. Mgombea akija kijiweni kwenu kuomba kura, wa chama chochote, hata chetu, muulize kama atapeleka hoja hiyo. Akianza hadithi za barabara, mrudishe kwenye dhamana.