Viapo Vitatu vya Admirali Raeder

Mtu akisema, "Mimi ni askari tu, siasa siijui," wengi humsifu. Huonekana kuwa mtu wa kazi, asiye na tamaa ya ukubwa, ambaye serikali yo yote ingependa kuwa naye. Sisi twaona kwamba neno hilo lapasa kupimwa kabla ya kusifiwa, na mizani nzuri ya kulipimia ni maisha ya baharia mmoja wa Kijerumani, Erich Raeder, aliyelishika kwa karibu miaka hamsini, akapanda nalo hata cheo cha Admirali Mkuu, na mwisho likamfikisha gerezani.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Raeder alitumikia chini ya tawala tatu, na kwa kila moja aliapa. Alimwapia Kaizari, akaiapia katiba ya Jamhuri, akamwapia Adolf Hitler. Twamwomba msomaji avitazame viapo hivyo kimoja kimoja, maana ndani yake mna swali lenyewe: askari anapoinua mkono wake na kuapa, anamwapia nani?

Raeder alizaliwa tarehe 24 Aprili 1876 huko Wandsbek, karibu na Hamburg, akiwa mtoto wa mwalimu. Mwaka 1894 aliingia katika jeshi la majini la Kaizari Wilhelm wa Pili. Zama hizo manowari ndizo zilizokuwa fahari ya Ujerumani, na kijana aliyekuwa mwepesi wa masomo na mkali wa nidhamu hakukosa kuonekana. Alifika hata kutumikia katika merikebu ya Kaizari mwenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mkuu wa wasaidizi wa Admirali Franz von Hipper, na alikuwako katika mapigano ya Dogger Bank mwaka 1915 na ya Jutland mwaka 1916. Kiapo chake cha kwanza kilikuwa kwa mtu, yaani kwa Kaizari. Hatumlaumu kwa hilo. Ndivyo falme zilivyokuwa.

Mwisho wa Oktoba 1918 vita vilikuwa vimekwisha kushindwa, lakini wakuu wa majini walitaka kuzitoa manowari zote baharini kwa pigano moja la mwisho, la kulinda heshima. Mabaharia wa Wilhelmshaven walikataa kufa kwa heshima ya wakubwa wao. Maasi yakaenea hadi Kiel, kutoka Kiel yakaenea nchi nzima, na tarehe 9 Novemba ufalme ukaanguka. Tarehe 21 Juni 1919, huko Scapa Flow, maofisa wa Kijerumani walizizamisha kwa mikono yao wenyewe manowari zao zilizokuwa zimezuiliwa na Waingereza: kati ya 74, zikaenda chini 52. Tangu hapo Raeder na wenzake walikuwa na shabaha moja, nayo ni kuifuta fedheha ya maasi na kuyajenga upya majeshi ya majini. Nani atakayetawala nchi, na kwa haki gani, lilikuwa kwao jambo la nyuma. Hapo ndipo kosa lilipoota mzizi.

Kiapo cha pili kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Jamhuri iliyozaliwa mwaka 1919 haikutaka askari wamwapie mtu; iliwataka waiapie katiba. Lakini wino wa kiapo haujakauka, Machi 1920, kikosi cha askari wa majini kiliingia Berlin kuipindua serikali na kumweka Wolfgang Kapp. Mkuu wa jeshi la majini, Admirali Adolf von Trotha, akakaa upande wa waasi. Wafanya kazi wa Ujerumani walisimamisha kazi zote, na kwa siku chache tu utawala wa Kapp ukatoweka kama umande. Raeder alikuwa mtu wa karibu wa Trotha, na baada ya hayo aliondolewa katika kazi za mbele akapelekwa kwenye nyaraka za zamani.

Huko alifanya kazi ambayo sisi wa pwani hii tuna sababu ya kuikumbuka. Aliandika historia ya manowari za Kijerumani zilizopigana mbali na kwao, na mojawapo ni Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, na kuangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Katika vita hivyo Waafrika wengi walibeba mizigo na kufa kwa ajili ya ugomvi wa mabwana wawili wasiowachagua. Kwa hiyo habari za maofisa hawa si ngeni kwetu hata kidogo.

Je, baada ya kuiapia katiba, wakuu wa majini waliitii? Mkataba wa Versailles uliwaruhusu watu 15,000 tu, na uliwakataza kabisa nyambizi. Mkataba ule ulikuwa sheria ya nchi yao. Hata hivyo walianzisha Uholanzi ofisi ya kuchora nyambizi, wakawa na mifuko ya fedha ambayo bunge halikuijua. Mwaka 1927 siri ikafichuka, na kwa njia ya aibu: ofisa aliyezishika fedha hizo, Walter Lohmann, alikuwa amezitia katika kampuni ya sinema, na kampuni ikafilisika. Kutokana na kashfa hiyo mkuu wa majini, Admirali Hans Zenker, aliondoka, na tarehe 1 Oktoba 1928 Raeder akashika mahali pake. Kashfa ilikoma, siri hazikukoma.

Mtu asidhani kwamba Raeder alikuwa mlegevu wa maadili. La hasha! Mwaka 1931 luteni mmoja alishitakiwa mbele ya baraza la heshima kwa kuwa alimwacha msichana aliyekwisha kumposa. Raeder alimfukuza jeshini bila huruma. Luteni yule ni Reinhard Heydrich, ambaye baadaye alikuwa mkono wa kuume wa Himmler na mmoja wa wapangaji wakuu wa mauaji ya Wayahudi. Basi mtazame mtu huyu: posa iliyovunjwa ilimkasirisha, lakini dola ilipoanza kuvunja watu, kipimo chake cha heshima kilikuwa wapi?

Hitler alikuwa Chansela Januari 1933. Tarehe 2 Agosti 1934 alikufa Rais Hindenburg, na siku ile ile askari wa Ujerumani waliitwa kuapa upya. Katiba haikutajwa tena. Waliapa kumtii Adolf Hitler, kwa jina lake, pasipo sharti lo lote. Kiapo cha sheria kilivuliwa kama koti la mvua, na Raeder hakunena neno. Kwa nini? Kwa sababu Hitler alimpa alichokitamani: manowari. Mwaka 1935 Uingereza ilikubali Ujerumani iwe na manowari zenye uzito wa thelathini na tano katika kila mia ya zile za Kiingereza. Vyeo navyo vikaja. Mwaka 1937 alivishwa nishani ya dhahabu ya chama cha Nazi. Tarehe 1 Aprili 1939 akawa Admirali Mkuu. Aliyesema siasa haijui alisimama Machi 1939 mbele ya watu na kuisifu vita ya utawala ule dhidi ya Wayahudi. Ni kweli aliwaombea Wayahudi wachache aliowafahamu. Lakini mtu anayeokoa majirani wawili na kuusifia moto unaoteketeza mtaa mzima atahesabiwa kuwa upande gani?

Wala hakuwa gizani. Novemba 1937 alikuwamo katika mkutano mdogo ambamo Hitler aliwaeleza wakuu wake shabaha ya kuteka nchi za jirani. Vita vilipozuka Septemba 1939 aliandika kwamba manowari zake ni chache mno, na kwamba lililobaki kwao ni kuonyesha tu kuwa wanajua kufa kishujaa. Alijua, basi. Lakini mwezi uliofuata alikuwa miongoni mwa waliomshauri Hitler kuitazama Norway, nchi isiyokuwa na ugomvi na mtu, na tarehe 9 Aprili 1940 ikavamiwa. Aprili 1941, alipotimiza miaka 65, Hitler alimpa zawadi ya fedha Reichsmark 250,000. Twauliza: askari asiye na siasa hupewa fedha hizo kwa kazi gani?

Lakini kuna mwezi mmoja katika maisha yake ambao wamtosha msomaji kumfahamu. Desemba 1942 askari wawili wa Kiingereza, waliovaa sare zao na waliokamatwa karibu na Bordeaux, walipigwa risasi na kikosi cha majini cha Kijerumani kwa kufuata amri ya Hitler ya kutowahurumia wavamizi wa namna hiyo. Raeder alikuwa ameipokea amri hiyo na kuipeleka chini kwa watu wake, naye hakumpinga Hitler. Siku ya mwisho ya mwezi huo huo manowari zake zilishindwa katika bahari ya Barents, na Hitler kwa hasira akasema manowari kubwa zote zivunjwe zifanywe chuma chakavu. Hapo, kwa mara ya kwanza, Admirali alisimama akabisha. Aliandika, akatetea, na alipoona hasikilizwi alijiuzulu, tarehe 30 Januari 1943, na mahali pake akawekwa Karl Dönitz. Kumbe kujiuzulu kuliwezekana! Na aliyejiuzulu hakuuawa wala hakufungwa. Raeder aliacha kazi kwa ajili ya chuma. Kwa ajili ya watu hakuiacha.

Tunajua watakalotujibu wengine. Watasema: jeshi linalochagua serikali ya kuitii ni hatari kuliko jeshi linalotii tu, nani atalala usingizi ikiwa kila ofisa atapima amri kwa akili yake? Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Waliomfuata Kapp walikuwa maofisa waliojichagulia serikali, na wafanya kazi wa Berlin waliona matunda yake. Lakini dawa ya ugonjwa huo ni ile ile katiba aliyoiapia Raeder. Ofisa aliyeishika sheria asingalimfuata Kapp mwaka 1920, na asingaliibadili sheria kwa jina la mtu mwaka 1934. Mtii wa sheria na mtii wa bwana hufanana siku za amani. Siku bwana anapoikanyaga sheria ndipo wanapoachana njia.

Na wako waliochagua vingine. Oskar Kusch, kamanda kijana wa nyambizi, aliiondoa picha ya Hitler ukutani mwa chombo chake na hakuficha mawazo yake. Alisalitiwa na ofisa mwenzake, akapigwa risasi karibu na Kiel tarehe 12 Mei 1944. Berthold von Stauffenberg na Alfred Kranzfelder, waliofanya kazi katika makao makuu ya majini, walinyongwa Berlin tarehe 10 Agosti 1944 kwa kushiriki katika jaribio la kumwondoa Hitler. Hao nao walikuwa wamefungwa na kiapo.

Mahakama ya Nuremberg ilimtia Raeder hatiani kwa kula njama, kwa kuandaa vita vya uchokozi na kwa makosa ya vita, ikamhukumu tarehe 1 Oktoba 1946 kifungo cha maisha. Aliomba apigwe risasi, akakataliwa. Kwa ajili ya uzee na maradhi alifunguliwa Septemba 1955, akafa Kiel tarehe 6 Novemba 1960.

Hadithi haikuishia kaburini. Januari 1956, Ujerumani ya Magharibi ilipoanza kuwa na jeshi jipya la majini, Kapteni Karl-Adolf Zenker, mtoto wa yule Admirali aliyeondoka kwa kashfa, aliwahutubia vijana wa kwanza huko Wilhelmshaven akawataja Raeder na Dönitz kwa heshima. Bunge lilichachamaa, na haki ilikuwa yake. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya askari, nayo imejibu swali letu. Askari wa Ujerumani haapi kwa jina la mtu: huapa kuitumikia Jamhuri na kuitetea haki na uhuru wa watu wake. Tena imeandikwa kwamba amri inayoamuru kutenda jinai haifai kutiiwa.

Sisi twasema kwamba somo hilo, lililolipiwa kwa damu nyingi, ni mali ya kila taifa lenye jeshi, polisi na watumishi wa serikali. Pilato alinawa mikono akadhani maji yametosha. Mkubwa akija na karatasi mpya ya kiapo, na kusema kwamba sheria ni yeye, asiyesema neno amekwisha kujibu. Vyeo, nishani na manowari hupita; watu ndio wanaobaki, na hao ndio wa kuapiwa.